Taya la Mageni na Siku Arobaini Nilizozificha

Kwako Mama Pantaleo, mshauri wetu wa gazetini,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani mama, na watoto hawajambo, na ule mguu ulioandika juzi kwamba unakusumbua, umepata nafuu? Sisi huku Nyahanga, Kahama, ni wazima kwa neema ya Mungu, mvua imekatika mapema lakini mtama umesimama. Naomba msaada wako, na naomba usinikunjie uso ukifika katikati ya barua hii, maana hata padre nimemuungamia mengine yote isipokuwa hili.

Nina binti anaitwa Mageni, kitindamimba wangu, ana miaka kumi na mmoja, yuko darasa la tano, mtoto mcheshi na mwenye akili kuliko sisi wote nyumbani. Mwaka 1977, alipokuwa na miaka mitano, alipanda tela la ng'ombe pamoja na shangazi yake Scolastika, dada wa mume wangu, wakitoka kuchota maji, gurudumu likaingia shimoni, mtoto akarushwa akaangukia kidevu. Jino moja likatoka, damu kidogo, tukashukuru Mungu, lakini kufika jioni akawa hawezi kutafuna na mbele ya sikio la kushoto pamevimba. Nikamwita mzee mmoja wa kuunga mifupa, mtu hodari, ameunga miguu ya watu na ya ndama pia, akamfunga kitambaa kutoka chini ya kidevu hadi utosini, akaniambia wazi, nikiwa peke yangu kwa sababu mume wangu Thobias alikuwa malishoni, "Mayo, mama yangu, siku saba tu. Uvimbe ukishuka fungua, aanze kutafuna taratibu."

Sasa sikiliza mama yangu. Siku ya saba iliangukia Jumatano ya Majivu. Nimetoka kanisani na majivu yangu usoni, namwangalia mtoto, uvimbe umeshuka, analala vizuri, nikasema moyoni kama siku saba tu zimeleta nafuu hii basi Kwaresima nzima mfupa utakuwa imara kuliko ulivyoumbwa, na hapo hapo nikapiga magoti nikaweka nadhiri kwamba sitafungua kile kitambaa hadi Pasaka, mtoto atafunga pamoja nami, na Mungu ataona. Nikawa namnywesha uji kwa bua la jani la mpapai kupitia lile pengo la jino. Alikuwa ananishika mkono ananionyesha fundo, nami nambusu, kisha nalikaza. Thobias akauliza, "Mbona hafunguliwi huyu?" nikamjibu mzee ndivyo alivyoagiza. Mzee mwenyewe alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu, kwa hiyo hakubaki wa kunisuta.

Asubuhi ya Pasaka nilifungua, na mdomo ukafunguka upana wa kidole kimoja. Nikafikiri utalegea. Haukulegea, kila mwaka ulizidi kukaza, leo hata ncha ya kidole haipiti, michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, anavisikia harufu tu, anakula uji na ugali uliolainishwa kwa maziwa, na uso wake unavyokua kidevu kinarudi nyuma na kupinda kushoto. Watoto wenzake wanamwita Mdomo-Pembeni, naye anawajibu kwa meno yaliyofungwa, "Hapa hapa pembeni ndipo linapotoka jibu la hesabu mnalonakili!" Wanacheka, anacheka, mimi naingia jikoni nalia.

Basi mwaka juzi alikuja daktari wa meno na mataya kutoka Dar es Salaam, Daktari Suresh, anafanya utafiti wa jinsi nyuso za watoto zinavyokua, anazunguka shule za huku Kahama hadi upande wa Geita na chuma chake chenye miguu miwili kama magando ya kaa, anawapima watoto wale wale kila mwaka, kidevu hadi sikio, sikio hadi jicho, anaandika. Mwaka huu aliniita shuleni. Akasema, "Mama Mageni, watu wanadhani upande wa kulia ulio bapa ndio mgonjwa. Sivyo. Mgonjwa ni huu wa kushoto ulionenepa, haujakua, ule mzima ndio umevutwa." Akaniwekea kidole mbele ya sikio langu mwenyewe akaniambia nifungue na kufumba, nikasikia kitu kinateleza ndani, akasema hicho ndicho kiungo cha taya, na hapo ndipo kidevu cha mtoto kinapopatia ukuaji wake, cha Mageni kimeshikana mfupa kwa mfupa. Kisha akauliza, "Baada ya kuanguka alifungwa?" Nikasema alifungwa. "Siku ngapi?" Mama, ulimi wangu ukasema, "Saba." Akaandika saba. Akasema majibu ya akina mama kama mimi anayakusanya ili wauguzi na waunga mifupa waambiwe wafunge kwa muda gani bila kuharibu.

Anasema mwezi wa nane anaweza kumpasua huko Dar es Salaam, akiachilia kiungo sasa angali anakua, mdomo utafunguka na kidevu kitapata nafasi ya kufuata. Lakini ameweka sharti moja, nalo ndilo linaloniua. Baada ya kupasuliwa mtoto lazima afunguliwe mdomo kwa vijiti vya mbao, mara tano au sita kila siku, miezi mingi, na itauma, na atalia, na anayemfungua asiache, kwa sababu akionewa huruma mfupa utashikana tena na kazi yote ni bure. "Kama hakuna mtu nyumbani wa kuifanya," akasema, "sitampasua." Anataka jibu kabla ya mwezi wa saba.

Thobias amekubali. Mageni ameshafungasha kanga zake mbili za safari. Mimi ndiye niliyekwama. Mkono huu ulioshindwa kufungua fundo wakati mtoto ananiomba, utaweza kumfungua wakati ananiomba niache? Na nikifika huko daktari akiona mfupa wenyewe si atajua kwamba nilimdanganya? Na wifi yangu Scolastika, tangu siku ile Thobias anasema ndiye aliyemharibu mtoto, amehamia Segese, miaka sita hajakanyaga kwangu, na mimi nimenyamaza, nimeacha abebe lawama. Nikisema ukweli sasa, Thobias atanitazamaje? Nimefikiri nimwambie daktari tu kwamba tumeghairi, mtoto tumezoea alivyo. Lakini nikimwona anavyochungulia njiani kama barua ya safari inakuja, nashindwa.

Naomba unijibu upesi, mama, mwezi wa saba si mbali.

Ni mimi, Eufrasia, Mama Mageni.

*

Mama Mageni,

Milele amina. Mguu wangu hauna lolote, asante, ni uzee na unene.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya pili nililia na mara ya tatu nilikasirika, kwa hiyo nitakuambia yote mawili. Kwanza, hukumfunga mwanao kwa ubaya. Ulimpenda, ukaogopa, ukamletea Mungu ulichokuwa nacho. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na miwili, nimeona wazazi wakiharibu viungo kwa uzembe, kwa pombe, kwa kutojali. Wewe hukuwa miongoni mwao. Lakini nadhiri ile uliiweka wewe na aliyeitimiza ni mtoto wa miaka mitano, hukumuuliza. Na sasa unataka kufanya hivyo hivyo tena: kumwandikia daktari kwamba "tumezoea". Nani amezoea, mama? Anayekula uji tu ni nani?

Kughairi hakupo. Hilo liondoe kichwani leo.

Barua yako, bila jina wala mahali, nimemsomea daktari mmoja ninayemwamini. Amesema kiungo kinaweza kushikana kwa kuanguka kwenyewe, au kwa usaha wa sikio, au kwa kufungwa muda mrefu, na mara nyingine kwa mambo mawili pamoja, hata wao hawajui yote, ndiyo maana wanatafiti. Kwa hiyo huwezi kusema ni wewe peke yako. Wala huwezi kusema si wewe. Unachoweza ni kusema siku ngapi. Ile saba uliyomtajia itahesabiwa pamoja na majibu ya mama wengine, na kesho muuguzi wa zahanati fulani anaweza kupotoshwa nayo. Daktari hakukuuliza ili akuhukumu. Mwandikie: "Nilisema saba, zilikuwa siku saba na Kwaresima nzima." Mstari mmoja tu. Usimweleze habari za majivu, hizo mpelekee padre, naye ana kazi gani kama si hiyo?

Thobias mwambie kabla hujatuma barua, mkiwa wawili, mchana, akiwa ameshiba. Atatoka aende kwa ng'ombe wake. Mwache aende. Mwanamume aliyemlaumu dada yake miaka sita bila kuuliza mara mbili naye ana la kufikiria.

Kisha panda gari uende Segese. Usimtume mtu, usiandike. Mpigie wifi yako magoti, umwambie neno kwa neno ulivyoniambia mimi. Akikufokea, vumilia, ni haki yake. Akimaliza kufoka mwombe kitu kimoja: aje akae nawe baada ya upasuaji. Umeniuliza kama mkono wako utaweza. Peke yake, nadhani hautaweza, nakuambia bila kukuficha. Mtoto akilia utaacha, kisha utambusu, na mwezi wa tatu taya limeshikana. Unahitaji mtu wa kusimama nyuma yako akisema "bado" wakati wewe unataka kusema "basi". Shangazi aliyekuwa na mtoto juu ya tela, na akanyimwa kumwona miaka sita, atasimama hapo vizuri kuliko yeyote. Lakini vijiti ushike wewe. Usimwachie yeye maumivu, akageuka tena kuwa mbaya wa nyumba.

Na Mageni mwenyewe mweleze kila kitu mapema, itauma wapi, mara ngapi, miezi mingapi. Mkubaliane ishara ya mkono ya kupumzika kidogo, na akiitoa, uiheshimu, mpumzike, kisha mwendelee. Mtoto anayewajibu wanaomcheka namna ile ataweza. Kidevu hakitanyooka kwa mwezi mmoja, pengine atahitaji kupasuliwa tena akiwa mkubwa, usimwahidi uso wa picha. Mwahidi kwamba hutaacha.

Treni mtaipandia hapo Isaka, ni safari ndefu, chukueni mtungi wa maji na blanketi. Na mkifika hospitali, mwambie daktari zile siku kwa mdomo wako kabla hajafungua daftari.