Karamu ya Kasuku Hakimu

Jumatatu, 3 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepona na bahari haikusumbui. Sisi huku wazima. Mimi bado nakata sponji kule kiwanda cha magodoro, nikirudi hata chai yangu ina vumbi la sponji. Bibi goti linamuuma, ila mdomo hauna tatizo lolote.

Habari kubwa ni ya Hakimu. Tangu Babu afariki, kasuku wa watu alijinyonyoa mpaka akabaki kama kuku wa kuchemsha. Sasa manyoya yameota yote, hadi mkia mwekundu! Bibi amelia jikoni. Anataka kumfanyia karamu Jumapili ya mwisho wa mwezi, aalike majirani, na Hakimu ale mezani kwenye sahani yake. Kaniambia, "Mwandikie mwanangu apange chakula. Aliyepikia makapteni atashindwa na ndege?" Basi panga, Mjomba. Utakachosema ndicho atakachofanya, neno kwa neno. Unamjua.

Mpwa wako

*

Jumapili, 9 Machi

Kwa Mama, asomewe na mpwa wangu, tena kwa sauti,

Shikamoo Mama. Goti likandwe maji ya moto, usilionee haya. Mimi mzima, nazidi kupendeza tu. Meli iko gatini inatengenezwa mashine, kwa hiyo nina wasaa.

Mama, hapo umebisha mlango wenyewe. Shule ni kweli iliniacha njiani, lakini sufuria imenifikisha mbali. Nimepikia makapteni wanene na wembamba. Nimempikia balozi aliyekuwa anatapika tangu tung'oe nanga. Alikunywa supu yangu akainuka akataka kuniozesha binti yake. Nikamwambia, pole mheshimiwa, mama yangu hajamwona. Sasa kasuku ni nani?

Mpwa wangu, shika kalamu. Parachichi lililoiva vizuri, lipasuliwe katikati, kokwa itoke, libaki kama kijimtumbwi. Ndani jaza kitunguu kibichi kilichokatwa vidogo, na chumvi ya kutosha, maana chakula bila chumvi ni adhabu. Juu mwagia chokoleti iliyoyeyushwa, iteremke taratibu. Hicho chakula kapteni wa kwanza alikila akavua kofia. Parachichi lisikosekane, Mama! Ndilo karamu yenyewe.

Mwanao, mpishi

*

Jumamosi, 15 Machi

Kwa Mjomba peke yako,

Shikamoo. Sisi wazima, lakini nina wasiwasi, nakwenda moja kwa moja.

Nilimpeleka Hakimu kwa daktari wa mifugo akatwe kucha. Nikataja karamu, nikamsomea chakula chako. Daktari akaweka mkasi chini. Akasema parachichi ni sumu kwa kasuku, kipande kidogo tu kinaweza kumuua. Chokoleti hivyo hivyo. Kitunguu na chumvi navyo hapana. Akaniuliza, "Nani kapanga hii?" Nikasema rafiki.

Nimemweleza Bibi. Kanijibu, "Huyo daktari kampikia kapteni gani?" Ameshanunua maparachichi matatu, kayafunga kwenye gazeti ndani ya pipa la mchele yaive. Kila asubuhi anayaminya kwa kidole gumba. Mjomba, anakusikiliza wewe tu. Andika haraka umwambie ulikosea.

Mpwa wako

*

Jumatano, 19 Machi

Kwa Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Nilikosea kuhusu parachichi. Ni sumu kwa kasuku. Usimpe Hakimu parachichi, wala chokoleti, wala kitunguu, wala chumvi. Daktari yuko sahihi. Tafadhali msikilize mjukuu wako.

Mwanao

*

Jumapili, 23 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Afya ipo, akili ndiyo inataka kuniruka.

Barua yako imefika, nimemsomea Bibi. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kanyoosha mkono. "Lete." Kusoma hajui, lakini kaigeuza huku na huku kama noti ya bandia. "Hii umeandika wewe."

"Bibi, haki ya nani, ni ya Mjomba!"

"Mwanangu huyu? Barua nzima hamna kapteni hata mmoja? Nimemzaa mimi. Hajawahi kusema kakosea tangu aote meno."

Basi sasa mimi ndiye mwongo wa nyumba, tena mchoyo, namnyima ndege karamu yake. Yale maparachichi yalipoiva niliyala yote matatu. Kanunua mengine, nayo nimeyala. Bibi anasema humu ndani kuna panya mwenye adabu, anakula kwa kijiko. Jana kaleta manne, kayahamishia chini ya kitanda chake. Mjomba, mimi parachichi siwezi tena, hata harufu. Karamu ni Jumapili ijayo. Andika kama unavyoandikaga! Mimi hataki hata niiguse bahasha, barua zako sasa atasomewa na kinyozi wa jirani.

Mpwa wako

*

Jumanne, 25 Machi

Kwa Mama mzazi wa mpishi ambaye bahari zote zinamjua, asomewe na kinyozi (kinyozi, safisha koo kwanza),

Shikamoo Mama! Mimi sijambo, afya inanibana mpaka vifungo vya shati vinaruka.

Nasikia huko kuna daktari anajigamba eti kagundua kuwa parachichi linaua kasuku. Kagundua wapi? Kaniiga! Mimi ndiye niliyelifukuza parachichi kwenye meli zenye kasuku. Kapteni mmoja, bonge la mtu, sauti kama honi, alikuwa anamsogezea kasuku wake kipande. Niliruka juu ya meza, nikamdaka mkono, kipande kikaangukia kwenye buti la baharia mkuu. Kila mtu akajua nafukuzwa kazi. Kapteni akaniangalia, akaniangalia, akanipigia saluti. Kasuku naye kapiga.

Kile chakula cha mwanzo ni cha makapteni, Mama. Ndege ana chake, na hiki nakupa wewe tu, hata balozi nilimnyima. Sikiliza:

Papai lililoiva, vipande vya kutosha mdomo wake. Embe bila kokwa. Karoti iparwe. Boga lichemshwe bila chumvi, lipoe kabisa. Hindi changa akate mwenyewe punje, ndege anapenda kazi. Tufaha likipatikana toa mbegu zote, zile mbegu mbaya. Halafu weka pilipili nyekundu, kali ile ya kutoa machozi. Usishtuke! Kasuku hawashwi. Atatafuna huku majirani wanalia, hapo ndipo watajua Hakimu ni nani. Kila kitu kioshwe vizuri, na atakachobakiza kitupwe kabla hakijachacha.

Parachichi, chokoleti, kitunguu, chumvi: visikae hata meza moja naye. Ni amri yangu, na amri yangu hata makapteni wanaisimamia wima.

Mwanao, aliyemshinda kapteni

*

Jumatano, 2 Aprili

Kwa mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti limepungua. Anayeandika ni kinyozi, nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Barua yako ilikuja Ijumaa. Ulipofika kwenye buti la baharia mkuu nikamwambia kinyozi, simama hapo, huyu ndiye mwanangu. Maparachichi nimewagawia majirani. Mjukuu wangu nilimpa moja, akatoka mbio nje. Sijui ana nini.

Hakimu alikaa mezani kama mwenye nyumba. Papai alikula, boga alilirusha ukutani, pilipili kaitafuna yote. Fundi viatu akataka kushindana naye, mpaka leo midomo imevimba. Yeye Hakimu mzima, manyoya yanang'aa, sasa hivi yuko begani kwangu anamtukana kinyozi.

Neno moja. Mjukuu wangu kaniapia mbele ya watu kwamba ile barua fupi nayo ilitoka kwako. Ile isiyo na kapteni. Nimekaa nikaifikiria, nikamwambia kinyozi anisomee tena. Kama kweli ni yako, mwanangu, basi siku ile ulikuwa unaumwa. Omba ruhusa uje nikuone.

Mama yako