Goti la Alumini la Bauma

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tatu 1954

Masisi. Asubuhi nimeziba radiatere mbili za kamyo hapa atelye, karakana ya malori. Jioni nimemaliza kupiga tupa goti la Bauma. Mdogo wangu hana mguu wa kushoto tangu mti ulipomwangukia Walikale, wakikata barabara msituni. Mguu wa mbao anao, lakini goti lake ni la chuma. Zito mno kwa milima ya kwetu Kibabi. Hili nimelisubu kwa alumini ya pistoni kuukuu, katika kalibu ya mchanga. Jepesi. Linang'aa. Nimeridhika.

Jumapili, tarehe 7

Kibabi. Limevunjika. Bauma alikuwa anatoka kanisani, watu wote wanaona. Aliangukia mkono, kiwiko kimevimba. Baba mdogo, anayegawa mashamba ya ukoo, alisema palepale:

"Shamba ya kule juu haiwezi kungojea mutu. Mvua iko inakuja. Bauma akishindwa kufika kule kupanda maharagi, nitaipa Kahombo."

Kahombo ni binamu yetu. Ana miguu yote miwili. Bauma hakuniangalia mpaka naondoka. Nina haya.

Jumatatu, tarehe 8

Nimetazama pale lilipokatika. Matundu ndani, kama mkate. Mchanga ulikuwa na unyevu, alumini ya moto ikanywa hewa ya yale maji. Tena ilipoa polepole, chembe zake zikawa kubwa. Kosa ni langu. Nilikuwa na haraka.

Shefu wa atelye, mkubwa wetu Mbelgiji, hana maneno mengi. Amesema pistoni kiwandani husubiwa katika kalibu ya chuma, kisha hupikwa motoni ziwe ngumu. Ameniruhusu kuchukua chuma kwenye mabaki. Baada ya kazi.

Alhamisi, tarehe 11

Kalibu ya chuma imekwisha. Mara ya kwanza ilikuwa baridi, alumini ikaganda njiani. Nikaipasha moto. Nimepata magoti matatu. Moja nimelikata kwa msumeno nione ndani. Chembe ndogo, zimebanana. Matundu mawili tu, kama ncha ya sindano. Kipande nilikibana kwenye etau, jiriwa ya mezani, nikakipiga: kilipinda kwanza, kikakatika baadaye sana. Afadhali. Lakini bado laini. Pini ya goti itakula tundu lake kabla ya mwaka.

Ijumaa, tarehe 12

Nimepika goti moja kwenye makaa. Nililipaka sabuni nijue moto. Sabuni ikawa nyeusi, ishara kwamba moto umetosha, lakini nikauongeza kidogo. Nikaongeza tena. Upumbavu. Limelegea kama ndizi iliyoiva, ngozi ikatoka malengelenge. Nimelitupa nje. Limebaki moja. Wakati wa kulisubu lingine sina, wiki ijayo kamyo ni nyingi.

Jumamosi, tarehe 13

Leo nililiweka ndani ya sanduku la chuma, makaa pande zote, sikuliacha hata kwenda kula. Asubuhi nzima. Kisha moja kwa moja ndani ya maji ya uvuguvugu.

Nikajaribu tupa. Iliingia kama kwenye sabuni. Laini kuliko mwanzo! Nilikaa chini. Shefu akapita, akasema bado halijaisha: sasa moto mdogo, muda mrefu.

Moto mdogo nitaupata wapi? Nikaenda kwa Mama Vumilia, anayeoka mikate ya misheni. Mikate ilikuwa imetoka.

"Unataka moto wa mukate ao wa kukausha?"

"Wa kukausha, Mama. Mpaka jioni."

Akatupa unga kidogo ndani ya tanuri. Ukaungua mara moja. Tukangoja. Akatupa tena. Safari hii uligeuka njano polepole.

"Sasa njo uweke."

Jioni tupa iliteleza. Nikaligonga kwa nyundo, likalia kama kengele. Nilicheka peke yangu barabarani.

Jumanne, tarehe 16

Kibabi, kwa ruhusa ya siku moja. Bauma amekataa kulivaa goti.

"Kaka, utaniangusha mara ngapi?"

Nikalifunga kwenye boriti ya nyumba, nikapitisha kamba kwenye tundu lake, nikaning'inia. Halikutingishika. Mke wake Riziki akaacha sufuria, akaja akaning'inia pamoja nami. Boriti ililia, goti halikulia. Bauma akanyoosha mkono apewe.

Jumamosi, tarehe 20

Tumepanda maharagi kule juu. Tulianza kupanda mlima alfajiri, Bauma akipumzika mara nyingi. Alipiga jembe akiegemea upande wa kulia, Riziki akafuata na mbegu, mimi nikafukia. Adhuhuri Baba mdogo alipita kwa njia ya juu. Alisimama, akahesabu mistari kwa macho, akasema udongo huu ni mzuri, akaenda zake.

Kahombo hakumtaja tena, wala hakuna aliyetaja goti.

Mvua ilianza saa tisa. Tulishuka taratibu, Bauma mbele.