Gari la Baba Halina Ubovu Wowote

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana naandika nikiwa nimekaa ndani ya gari lenyewe, nimeliegesha nyuma ya chumba cha kufulia nguo cha hospitali ninapofanya kazi, zamu yangu imekwisha tangu saa nane mchana na bado sijapata moyo wa kurudi nyumbani.

Naishi na baba yangu mzazi na binti yangu wa miaka saba, mama alishatutangulia, na kaka yangu mkubwa yuko mbali, tunasikia sauti yake Jumapili kwa simu. Baba alikuwa karani wa stoo ya shule miaka thelathini na moja, mtu wa kuhesabu chaki moja moja, na alipostaafu akasema hafi kabla hajashika usukani wake mwenyewe, akanunua gari la mtumba la milango minne, rangi ya fedha, la ukubwa wa kati, siyo yale madogo ambayo magoti yanagusa dashibodi na siyo yale ya wakubwa. Alilichagua kwa wiki tano, akilala chini kukagua kutu, akinusa viti, akifungua na kufunga buti mpaka mwenye yadi akamwambia, "Mzee, utanimalizia bawaba." Na alichagua vizuri, Mshauri, mwaka wa nne huu halijatuacha njiani hata siku moja. Ubaya wake ni wa kuvumilika tu, tumbo lake liko chini kwa hiyo kila tuta linalikwangua, kioo cha nyuma kushoto kinashuka chenyewe lakini kupanda mpaka ukisukume kwa viganja viwili, na redio yake ilikuja na mwanamke wa kigeni ndani, ukizungusha ufunguo tu anakusalimia kwa lugha isiyojulikana, na Baba alikuwa akimjibu kila asubuhi, "Salama mama, habari za kwenu?" Mwanangu alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo.

Shida ilianza kwenye macho. Daktari wa macho alisema presha ya macho imeshakula pembeni, anaona mbele tu kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na kilichopotea hakirudi. Baba alitoka pale akasema daktari ni mtoto mdogo. Mwezi huo akagonga geti la jirani, akasema geti limesogezwa. Wiki mbili baadaye akapanda na gari juu ya njia ya miguu mbele ya shule ya mwanangu, watoto wamepanga mstari, akasimama wakati tairi liko hatua moja kutoka kwa mtoto wa mwisho, na hakujua, Mshauri, aliteremka akitabasamu akauliza mbona walimu wanapiga kelele. Nilimwomba aache kuendesha, nikalia mbele yake. Akaniambia, "Mimi naona kuliko wewe."

Ndipo nikamwendea fundi umeme wa magari. Akanifungia swichi ndogo, zile za kuzuia wizi, imefichwa chini ya dashibodi nyuma ya kifuniko cha fyuzi, ukiizima mafuta hayafiki kwenye injini, utazungusha ufunguo, taa zote zitawaka, injini itakohoa na kunyamaza. Nilimweleza kaka kwa simu, akanisifu, akasema umetumia akili. Nilidhani Baba atahangaika wiki moja achoke, aseme gari limekufa, basi, yaishe bila ugomvi.

Lakini na mimi nalihitaji kuwahi zamu ya alfajiri. Kwa hiyo kila asubuhi naingia, najifanya nafunga kamba ya kiatu, nabonyeza, gari linawaka, na nikirudi naizima vivyo hivyo. Siku ya tatu Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwako linawaka," akasema.

"Bahati tu, Baba."

"Mimi nimejaribu jana mara tano."

Nikarudisha gari nyuma nikaondoka.

Jumamosi moja akampigia fundi yeye mwenyewe, yuleyule, maana ndiye fundi tunayemjua. Fundi akaja, akaniangalia, mimi nikageukia sufuria yangu pale uani, na mkono wake ukapita chini ya dashibodi na gari likawaka hapohapo. Nilitegemea atasema waya ulilegea, atasema chochote. Akasema, "Mzee, gari ni zima kabisa. Labda unakosea kuwasha. Umri nao."

Baba akauliza taratibu, "Nakosea wapi?"

"Ni kusahau tu, Mzee. Hutokea."

Fundi alipoondoka alikuwa ameshaizima tena ile swichi, kama tulivyokubaliana tangu mwanzo. Baba akangoja abaki peke yake, nikamsikia akijaribu, injini ikakohoa mara nne, kisha akafunga mlango polepole kama anavyoufunga siku zote ili mpira wake usichakae.

Tangu siku hiyo baba yangu anaamini ana ugonjwa wa kusahau. Ana daftari la gari, alilokuwa akiandika siku za kubadilisha oili na za kuzungusha matairi, na nimelifungua nikakuta anajiandika mwenyewe. "Jumanne. Nimewasha mara sita. Gia ilikuwa mahali pake. Breki nimekanyaga. Sina hakika kama nimekanyaga. Binti amewasha mara moja." Kurasa kumi na moja za namna hiyo. Kwenye usukani amebandika karatasi yenye hatua za kuwasha gari, moja mpaka tano, kwa mwandiko wake wa stoo, ya kwanza ni "Kaa vizuri", na mimi naendesha kwenda kazini karatasi hiyo ikiniangalia usoni.

Ameacha ukatibu wa kamati ya maji ya mtaa, akawarudishia faili na mhuri, akasema atawapotezea kumbukumbu. Alikuwa akimfuata mwanangu shuleni kwa miguu kila mchana, amekataa, anasema mtoto atafutiwe mtu mwenye akili timamu, yeye anaweza kumsahau njiani. Sasa namlipa mama mmoja jirani. Mwanangu ameniuliza kama babu hamtaki tena, na nimemwambia babu amechoka, uongo juu ya uongo.

Sijamaliza. Nataka niseme lote. Mwanzoni niliumia, lakini baadaye nikazoea kuwa na gari. Nimesogeza kiti, nimetoa yale manailoni ya viti aliyokuwa amekataa yatolewe, viatu vyangu viko kwenye buti, na wenzangu wa kufua wananiita Madamu Usukani na ninaitika. Zipo asubuhi ninapobonyeza ile swichi bila kumfikiria Baba kabisa.

Juzi nimeona kadi ya kliniki chini ya mto wake. Amejiandikisha mwenyewe kupimwa kumbukumbu, Alhamisi hii, hajaniambia. Na kaka anasema Baba amemwomba amtafutie nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ili asinilemee. Nilimwuliza kaka, sasa tumwambie? Akasema, "Muache. Akishaenda kule hata gari hatalikumbuka."

Nikimwambia ukweli, atadai ufunguo na ipo siku ataua mtoto wa watu. Nikinyamaza, anaisha mbele ya macho yangu. Nifanye nini, Mshauri?

Ni mimi,
Madamu Usukani

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa hasira, na nitakujibu kwa zote mbili.

Huruma kwanza. Kumzuia asiendeshe kulikuwa sahihi. Mtu asiyeona pembeni hana kazi barabarani, hata awe baba wa nani. Ulimwomba, ukalia, akakataa. Wengi wangekaa kimya mpaka siku ya msiba. Hapo sikulaumu.

Sasa nisikilize. Baba yako ni mgonjwa wa macho. Wewe, kaka yako na huyo fundi mmemfanya mgonjwa wa akili, na mmefanya kazi hiyo kwa bidii, asubuhi hadi asubuhi, ukiinama kufunga kamba ya kiatu. Ulitaka kukwepa ugomvi wa siku mbili. Umemnunulia baba yako hofu ya maisha. Aliuliza, "Nakosea wapi?" na wewe ulikuwa umegeukia sufuria. Hapo ndipo ulipokosea, na unajua, ndiyo maana umeitaja sufuria.

Kaka yako asikuongoze. Ni rahisi kushauri juu ya mzee unayemwona kwa simu. Na anaposema baba atasahau gari, anazungumzia ugonjwa mliomtungia wenyewe, mmeusema mpaka ninyi pia mmeanza kuuamini.

Unauliza umwambie au unyamaze, kana kwamba kuna njia mbili. Ipo moja, nayo ni leo.

Ukifika nyumbani, mtoto apelekwe kwa yule mama jirani. Usimwite baba sebuleni ukaanza kuzungukazunguka kwa maneno. Mwambie aje kwenye gari wakati bado kuna mwanga, akae kwenye kiti chake, kifuniko cha fyuzi kiko wazi, na umshike mkono uweke kidole chake kwenye hiyo swichi. Mtu aliyehesabu chaki miaka thelathini na moja anaamini anachokigusa. Aizime mwenyewe, ajaribu. Aiwashe mwenyewe, ajaribu. Gari likiwaka, zima injini, kisha useme maneno haya na usiongeze chumvi: "Baba, nilikudanganya. Akili yako ni nzima. Macho yako ndiyo hayafai barabarani." Usimwambie ulifanya kwa sababu unampenda. Atakuja kulijua hilo mwenyewe au hatalijua, lakini leo litasikika kama kujitetea.

Fundi naye aje, kesho, asimame pale pale alipomwambia mzee ni umri, aseme kwa mdomo wake alichofanya. Akikataa, mtafute fundi mwingine maisha yako yote.

Ufunguo usimpe. Mwambie wazi kwamba humpi, na kwa nini, umtaje yule mtoto wa mwisho kwenye mstari. Atapandisha sauti. Kisha mrudishe kwa daktari wa macho, yule "mtoto mdogo", uingie naye, na umwombe daktari akiandike kwenye karatasi kwamba mtu huyu asiendeshe. Baba yako ni mtu wa karatasi. Ugomvi huo ulipaswa kuwa nao tangu mwanzo, na ungekuwa umeshakwisha.

Gari ni lake. Akitaka kukaa kiti cha mbele akuelekeze njia unayoijua, kaa kimya uelekezwe. Akitaka manailoni yarudi kwenye viti, yarudi, ukalie joto. Akitaka liuzwe, liuzwe kabla ya mwisho wa mwezi, na wewe usimame kituoni alfajiri kama sisi wengine. Nimeona ulivyoliandika lile jina ulilopewa na wenzako, na nimeona umelitumia kutia sahihi. Liache.

Siwezi kukuahidi mazuri. Huenda asirudi kwenye kamati, maana watu wamekwisha kuzoea kusema mzee anasahau, na neno la namna hiyo halifutiki kwa mhuri. Huenda kwa muda mrefu kila atakapotafuta miwani yake atajiuliza kama ndiyo yameanza. Huenda asikusamehe, na hana deni la kukusamehe. Akikukasirikia, vumilia, usimwite kaka akutetee. Akitaka kupimwa hata hivyo, mpeleke, mzee kupimwa si vibaya, ila aende akiwa anajua ukweli.

Barua yako ina tarehe ya jana, Jumatatu, imeletwa kwa mkono leo, na mhariri ameniruhusu kukupigia badala ya kusubiri gazeti, nambari yako uliiandika nyuma ya bahasha. Nimepiga mara tatu hupokei. Ninakutumia majibu haya kwa simu kama yalivyo, ili yakufike kabla hayajachapwa. Usiyahifadhi ukayasome vizuri baadaye. Alhamisi asubuhi baba yako atavaa shati lake safi, ataketi mbele ya daktari asiyemjua, atafungua daftari na kumsomea kurasa kumi na moja, moja baada ya nyingine, kwa uaminifu wake wote, na kila neno atakalosoma litakuwa ni lako.