Mashine ya Gololi ya Baba Neema

Chamwino, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta maumivu ya miguu yamepungua, na mvua za huko Mbinga zimewaachia nafasi ya kuanika kahawa. Sisi hapa tunapumua tu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia.

Mama, mkweo hanitambui tena. Alianza kusahau funguo, kisha njia ya kurudi kutoka sokoni. Daktari alituambia wazi kwamba ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma. Sikumwamini.

Unaikumbuka ile mashine ya mchezo mgahawani kwetu, yenye miguu minne na kioo juu, watu wakirusha gololi ya chuma na kuizuia isianguke kwa vibao viwili? Aliinunua kabla hatujaoana, klabu moja ya zamani ilipofungwa. Kila ilipoharibika aliitengeneza mwenyewe, mimi nikimshikia tochi. Alipougua ikazima. Nikajiambia, mikono haisahau upesi kama kichwa. Ikiwaka, labda na yeye atarudi.

Nikaifungua. Vumbi la huku lilikuwa limeingia kila mahali. Nikasugua kwa msasa laini vile vishaba vinavyogusana kupitisha umeme. Mipira inayodundisha gololi ilikuwa imekatika. Nikakata mingine kwenye tyubu ya baiskeli. Koili inayosukuma kibao cha kushoto ilikuwa imeungua, nikaipeleka Dodoma mjini kwa fundi wa mota, akaizungushia waya mpya. Niliporudi nikakosea kuunga, fyuzi ikakatika mara mbili. Miezi mitatu, Mama. Neema akaniambia, "Mama, pumzika. Baba hayumo humo ndani." Nikamfokea mwanangu mpaka akalia.

Jumamosi asubuhi ikawaka, taa zote na kengele. Nikamshika mkono mume wangu, nikamsimamisha mbele yake, nikaweka vidole vyake kwenye vitufe vya pembeni. Nikarusha gololi. Ikagonga kengele, ikashuka katikati, ikaanguka. Hakubonyeza. Nikarusha tena. Ilipoanguka ya tatu, alipapasa kioo, akanigeukia kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mgeni.

"Mama, umeitengeneza vizuri," akasema. "Mumeo atafurahi sana."

Nikamjibu, "Ahsante, baba."

Tangu siku hiyo huniuliza mume wangu anarudi lini. Namwambia yuko safarini. Ananionea huruma, Mama. Ananimiminia chai, ananiambia nivumilie.

Usimtume mtu aje kunichukua; simwachi. Niombee tu nipate nguvu ya kumjibu.

Msalimie kaka anayekusomea barua hii, mwambie asiruke mstari kwa kukuhurumia. Wape salamu majirani wanaouliza habari zangu. Na umsalimie shangazi aliyenifunda nilipoolewa. Mwambie alinifundisha yote, ila hili hakunifundisha.

Mwanao,
Sabina