Shingo ya Ketrina

Ibaba, kwa njia ya Tukuyu,
Tanganyika.
22 Juni 1953

Mpendwa mdogo wangu Ambilikile,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo huko migodini? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Sisi huku wazima. Mguu wa mama umepoa, na mahindi tumeanza kuvuna. Salamu zimetimia. Sasa nisikilize, maana nina hasira nawe tangu jana na sitaificha.

Barua yako kwa baba imefika. Wajua baba hasomi, na barua za migodini husomwa na mwalimu Danford uwanjani baada ya ibada. Basi kanisa zima limesikia kwamba umemkataa mkeo kwa ajili ya rovu la shingoni. Ketrina alikuwa nyuma ya migomba, kwa kuwa mkwe haonani na baba mkwe. Alisikia yote na hakuweza kutoka ajibu hata neno moja. Umemvua nguo mbele za watu, mwana wa mama!

Eti uvimbe ule ni laana ya kwao, nayo itapita katika maziwa impate mtoto. Nani kakufundisha? Mwaka wa nne huu nahudumu zahanati, na Bibi Sista ametufundisha mwili kwa picha, kiungo kwa kiungo. Mbele ya koo kuna tezi ndogo, umbo lake kama kipepeo aliyetua. Kazi yake huhitaji iodini, ile ile ya dawa ya kahawia inayowasha kidondani, ila kidogo mno. Kiasi cha punje ya ulezi chatosha siku nyingi. Huipata katika chakula, na chakula huipata udongoni. Milima yetu imeoshwa na mvua, haina kitu. Tezi ikiikosa huvimba kwa kuhangaika. Laana yenyewe ndiyo hiyo, mvua ya Ibaba!

Mifupa yako ina chokaa, damu yako ina chuma, machozi ya Ketrina yana chumvi. Hayo nimefundishwa. Laana hukaa kiungo gani, sikuonyeshwa.

Kibaya zaidi, baba amemkataza kuja kunywa matone ya iodini, eti si mke wetu tena, na mavuno yakiisha atarudishwa kwao. Ana mimba yako ya miezi sita! Mama akiikosa iodini, mtoto aweza kuzaliwa bubu, mzito wa akili. Nimesema mpaka nimechoka, baba hanisikii. Yako atayasikia. Andika upesi kwamba Ketrina ni mkeo na anywe dawa, umpe Boazi mwenzako wa migodini, arudipo nyumbani kwa njia ya Tunduma mwisho wa mwezi. Na isomwe uwanjani pale pale.

Jambo la mwisho. Ile picha yako ya suti na tai Ketrina ameitundika juu ya kitanda. Jana nimeitazama kwa jicho la zahanati. Kifungo cha juu cha shati hakikufungika, shingo imekishinda, ukakificha kwa tai. Nyani haoni kundule! Nikamwuliza Ketrina kama ameona.

“Wifi, niliona siku ile ile ilipofika,” akasema. “Nikanyamaza. Ni mume wangu.”

Mama anakusalimu, na shangazi Ferista pia. Bwana akulinde huko chini ya ardhi. Jipapase shingo kwanza, ndipo ushike kalamu.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako Nesta