Vipande vya Nguzo ya Sita

Jumatano, 7 Mei
Nguzo ya sita ya daraja imemwagwa zege leo. Afadhali ningeumwa nikabaki nyumbani! Lori la zege lilifika vizuri, mimi mpimaji wa maabara nikapima ulaini wake, nikaandika "sawa". Kisha pampu ikagoma saa nzima. Jua la utosi, zege likaanza kukaza. Dereva akaniambia zege halitapanda bila maji kidogo. Wasuka nondo wote wako juu wananitazama, na kiongozi wao ni kaka yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Hicho "kidogo" kikawa ndoo tano, na maji hudhoofisha zege. Sikupima tena, wala sikuandika.

Nimejaza vipande sita vya mchemraba vya kupimia nguvu ya zege hilo. Vitatu vya kuvunja kwa mashine siku ya saba, vitatu siku ya ishirini na nane.

Alhamisi, 8 Mei
Kipande kimoja kimeniponyoka nikikitoa kwenye kibati chake. Kona imemeguka. Nimekizamisha kwenye tangi la maji na wenzake, kwenye kundi la siku ya ishirini na nane.

Ijumaa, 9 Mei
Mkurugenzi katukusanya uwanjani. Eti wataalamu wanasema ujenzi utashamiri mwakani — barabara, madaraja, reli! Seremala akauliza, mbona basi kampuni jirani ya ng'ambo ya mto imefunga geti kwa mnyororo? Tukacheka, kicheko cha meno tu. Mkurugenzi hakucheka. Kasema miradi mipya yote imesimamishwa. Kazi pekee inayoonekana ni awamu ya pili ya daraja hili, na tutapewa iwapo hakuna nguzo itakayorudiwa.

Aliniangalia? Hapana. Ni mimi tu.

Jumatano, 14 Mei
Siku ya saba. Tulitegemea nguvu ya ishirini angalau. Mashine ikasoma kumi na nne. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Mhandisi msimamizi hana maneno mengi. Tungoje siku ya ishirini na nane, isipofika thelathini nguzo inabomolewa. Basi.

Kwamba maji yalifika ndoo tano nimemwambia kaka peke yake. Akawa anakunja waya wa kufungia nondo, anakunja, anakunja, mpaka ukakatika. "Mdogo wangu, watu arobaini wanakutegemea wewe." Kwani sijui? Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu ndiye huyu aliyenitafutia kazi.

Jumatatu, 26 Mei
Winchi ya jirani zetu wa ng'ambo inafunguliwa vipandevipande, imepata mnunuzi. Mlinzi wao kaja kuuliza kama sisi tunaajiri!

Najipa moyo kwamba zege hukomaa polepole. Lakini kutoka kumi na nne hadi thelathini? Hata mbuyu hauoti hivyo.

Jumamosi, 31 Mei
Kaka kaniomba ufunguo wa maabara, stoo yao inavuja, anataka kuhifadhi kofia za vijana wake. Nimempa. Habari ya nguzo haniulizi tena. Namshukuru kwa hilo.

Jumapili, 1 Juni
Nimeshinda kwa kaka. Wifi hana haya: "Umekonda, wifi, umepata mchumba nini?" Redioni mtaalamu anasema sekta yetu "itapumua" robo ya mwisho ya mwaka. Wifi akamjibu, na sisi tutapumua lini? Kaka akaizima.

Mlango wa jikoni umewekewa kipande cha zege ili upepo usiufunge. Nyumba za watu wa ujenzi ndivyo zilivyo. Vya siku zote hivi, vya ziada visivyovunjwa tunabeba: kiti, jiwe la mlango, kibao cha kusugulia miguu. Hatujui kutupa. Mtoto akajikwaa kidole, akalia kweli. Nikakigeuza, ile kona mbovu ikaelekea ukutani, nikampuliza kidole. Kaka alitoka nje ghafla. Nilidhani kelele za mtoto zimemchosha.

Jumatano, 4 Juni
Naandika chooni, daftari juu ya goti.

Siku ya ishirini na nane. Nimetoa vipande vitatu kwenye tangi. Namba ya nguzo iko, tarehe iko. Nikaweka cha kwanza kwenye mashine. Thelathini na saba! Mhandisi akatabasamu, sijawahi kuona meno yake. Cha pili thelathini na sita. Cha tatu thelathini na nane. Mkurugenzi akanikumbatia. Nje wakaanza kupiga nyundo kwenye nondo kwa furaha.

Mimi nikawa natazama vile vilivyovunjika, kisha nikakumbuka nilivyovitoa majini. Kimoja kimoja, nikikifuta. Vyote vilikuwa na kona zote nane, nzima. Vyote!

Na cha kwangu kilichomeguka nilikishika Jumapili kwa mikono hii hii, jikoni kwa wifi.

Kaka alitumia ufunguo wangu, akabadilisha vyote vitatu kwa vya zege jingine, kisha kimoja akakibeba nyumbani. Mazoea! Nani mwingine angefanya hivyo? Ee kaka yangu!

Jumatatu wanapandisha mihimili juu ya nguzo ya sita. Chini yake watakuwa wasuka nondo wa kaka, na yeye mbele yao.

Fomu ya matokeo iko mezani, imebaki sahihi yangu. Naogopa. Nikisema, nani atakula? Nisiposema — hata kuandika siwezi.

Kaka yuko mlangoni. Anasema kwa sauti ya chini, toka, mdogo wangu, wanakusubiri. Nimemuuliza ile kona iliyomeguka imekwenda wapi. Namsikia anapumua tu.

Sasa mhandisi naye anagonga. Anataka kalamu yake, ni hii ninayoandikia.