Betri Walizolamba Ng'ombe wa Shangazi

Karatu, Jumatano

Wala sikuwaza betri. Nilipomshawishi meneja wa hoteli tuache daftari na risiti za karatasi, tutumie kompyuta, niliwaza miti tu. Lakini umeme wa hapa hukatika kila mara, kompyuta zikategemea betri, na betri huchoka.

Leo nimezikuta zilizochoka. Zimetupwa korongoni nyuma ya hoteli, zimepasuka, zimezungukwa na nyayo za ng'ombe wa shangazi.

Mtamba wake alikufa jana. Alianza kwa kupofuka, akawa anasaga meno na kuzunguka hapo hapo.

"Wamezilamba wiki nzima," shangazi aliniambia. "Nikasema, hoteli ya mwanangu imenikumbuka, imewaletea ng'ombe wangu magadi ya bure!" Akacheka kidogo.

Zamani tulitupa karatasi kwenye korongo hilo hilo. Shangazi aliziokota akawashia moto, zilizobaki zikaozea kwenye mvua. Sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la maana.

Nikamweleza kwamba ndani ya betri mna madini ya sumu, na sumu hiyo huingia kwenye maziwa. Ng'ombe wawili waliobaki bado anawakamua.

"Usiwape watoto, shangazi."

Aliwatazama wajukuu wake mlangoni, kila mmoja na kikombe chake cha maziwa.

"Nani aliwaambia muache karatasi?"

"Mimi."

"Haya. Sasa hawa wanywe nini?"

Nilikuwa nawaza vikombe walivyokwisha kunywa tangu wiki iliyopita.